Namba moja ya PSA isifanye baba auze parseli

Karatasi inatoka labo na mstari mmoja tu wa maana: PSA 7,2. Pembeni yake kuna maneno madogo yanayosema kwamba kawaida ni kati ya 0 na 4. Hakuna muganga pale wa kueleza. Kuna kijana wa labo anayepitisha karatasi dirishani na kuita jina la anayefuata. Kabla mzee hajafika nyumbani, mtoto wake wa kwanza amekwisha piga picha karatasi hiyo na kuituma kwa WhatsApp kwa shemeji aliye Kampala na kwa binamu aliye Ubelgiji. Jioni familia inakaa. Mmoja anasema ni kansa. Mwingine anauliza parseli ya Ndosho inaweza kuuzwa dola ngapi.

Kisa hiki hakihitaji jina la mtu. Anayeishi Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira au Lubumbashi anaweza kuweka jina la baba anayemfahamu. Na kina kisa ndugu ambacho ni kibaya zaidi: mzee aliyepimwa bure siku ya kampeni, akaambiwa "negatifu", akarudi nyumbani akifurahi, na miaka michache baadaye analetwa hospitalini amebebwa, miguu haina nguvu, kwa sababu kansa imekwisha ingia kwenye mifupa ya mgongo. Wa kwanza alitishwa na karatasi, wa pili alitulizwa nayo. Wote wawili walitolewa damu, na hakuna kati yao aliyeelezwa kitu.

Kipimo chenyewe hakina kosa. PSA ni protini inayotengenezwa na prostati, tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, ambayo majirani wa Tanzania wanaiita tezi dume. Kazi ya protini hiyo ni kufanya manii yawe mepesi. Kiasi kidogo hupenya na kuingia kwenye damu, na hicho ndicho labo inachopima, kwa nanogramu katika kila mililita moja. Prostati yenye afya hutoa PSA. Prostati iliyonenepa kwa uzee hutoa PSA zaidi. Prostati yenye uambukizo hutoa PSA nyingi, na yenye kansa pia. Herufi hizo tatu zinasema kwamba kitu hiki kimetoka kwenye prostati. Hakuna hata moja inayosema kansa.

Ndiyo maana maswali ya kwanza mbele ya namba kubwa yangepaswa kuwa ya kawaida kabisa. Mzee alikuwa na homa na maumivu wakati wa kukojoa wiki ile? Uambukizo wa njia ya mkojo unaweza kupandisha PSA mara nyingi, na waganga hushauri kusubiri wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu ndipo damu ipimwe tena. Alilala na mke wake siku moja au mbili kabla? Hiyo nayo huipandisha kidogo, kwa hiyo inashauriwa kujizuia kwa saa 48. Alikuwa amewekwa sonda? Hili linahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu linatokea sana kwetu. Mzee anakuja usiku mkojo umefunga, tumbo limejaa, wanamtia sonda, na asubuhi damu yake inapelekwa labo pamoja na vipimo vingine vyote. PSA inayotoka siku ile haifai kumtangazia mtu kansa. Mkojo uliofunga na mrija uliopitishwa ndani ya prostati vinatosha kuipandisha juu sana.

Kuna na dawa. Baadhi ya wazee wanakunywa finasteride kwa sababu ya prostati iliyonenepa. Baada ya miezi 6 hadi 12 dawa hiyo hushusha PSA karibu nusu, hata kama kansa ipo. Muganga anayejua hilo huzidisha namba mara mbili kabla ya kuisoma. Asiyejua, au asiyeambiwa na mgonjwa kwamba kuna kidonge anachomeza kila jioni, ataona 3 na kusema mambo ni mazuri.

Na ile 4 ambayo imeandikwa kwenye kila karatasi? Ni mpaka ambao waganga walikubaliana ili wapate pa kuanzia. PSA hupanda na umri, kwa sababu prostati nayo hukua na umri, kwa hiyo namba 4 kwa mtu wa miaka 45 inatia wasiwasi kuliko namba 4 kwa mzee wa miaka 75. Uzoefu wa nchi zilizopima wanaume wengi, Marekani hasa, ni kwamba kati ya wanaume 4 wenye PSA kati ya 4 na 10, mmoja tu ndiye anayekutwa na kansa nyama ya prostati ikichunguzwa. Watatu hawana. Juu ya 10, zaidi ya nusu wanayo. Upande wa chini nao haulali salama: utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 ulichunguza wanaume ambao PSA yao haikuwahi kupita 4 kwa miaka 7, na kansa ikapatikana kwa karibu 15 katika kila 100. Nyingi ya kansa hizo zilikuwa za aina ya polepole, lakini si zote.

Kwa hiyo familia ile yenye karatasi ya 7,2, kabla ya kuuliza bei ya parseli, ilikuwa na nafasi tatu kwa nne kwamba baba hana kansa. Hakuna aliyewaambia.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui ni kwamba vipimo vinavyoitwa PSA si vya aina moja. Kuna mashine ya labo inayotoa namba. Kuna pia kijikanda cha haraka, kama kile cha malaria au cha mimba, ambacho huwekewa tone la damu na kuonyesha mstari mmoja au miwili. Vijikanda vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kuonyesha kama PSA imepita 4 au haijapita, basi. Mtu mwenye 4,5 na mtu mwenye 450 wote wanapata mistari miwili. Wa kwanza huenda ana prostati nene tu. Wa pili karibu hakika ana kansa iliyokwisha sambaa na anahitaji muganga wiki ileile. Neno "positifu" linawaweka kwenye benchi moja. Kwa ajili hiyo tu, mwanaume anayelipa makuta yake ana haki ya kuuliza kabla ya kunyoosha mkono: hapa nitapewa namba, au mstari? Na kama ni mstari, aelezwe kwamba itabidi apimwe upya kwa mashine.

Namba ikipatikana, inapimwa tena baada ya wiki kadhaa, na afadhali katika labo ileile, kwa kuwa mashine mbili tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti kwa damu ya mtu mmoja. Mara nyingi namba ya pili inashuka yenyewe. Ikibaki kati ya 4 na 10, labo zenye uwezo zinaweza kupima pia PSA huru, yaani ile inayotembea kwenye damu bila kushikana na protini zingine. Sehemu hiyo ikiwa chini ya 10 kwa 100 ya PSA yote, wasiwasi unaongezeka. Ikizidi 25 kwa 100, unapungua sana. Kisha kuna ekografi inayoonyesha ukubwa wa prostati, na IRM pale inapopatikana. Mwishoni kabisa kuna biopsi, sindano inayochukua vipande vidogo vya nyama. Biopsi peke yake ndiyo inayoweza kusema kansa ipo na ni kali kiasi gani.

Katikati ya njia hiyo kuna kidole. Wanaume wa huku hawapendi kukisikia, na wapo wanaotoka kwenye ofisi ya muganga bila kuaga wakiona anavaa glavu. Wengine wanakimbilia PSA kwa sababu hiyo hiyo, wakiamini damu imechukua nafasi ya kidole. Haijachukua. Ipo kansa inayokua bila kupandisha PSA sana, na kidole cha muganga mwenye uzoefu kinaweza kugusa uvimbe mgumu ambao damu haikuonyesha. Ni kazi ya dakika moja. Mama zetu wanapimwa mbele ya watu wasiowajua kila wanapobeba mimba, na hakuna aliyeona hadhi yao imepungua.

Ugomvi juu ya kipimo hiki haukuanzia Kivu. Marekani ilikiruhusu mwaka 1986 kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa waliokwisha julikana kuwa na kansa, halafu mwaka 1994 kwa ajili ya kusaidia kuitafuta kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi. Mamilioni wakapimwa, na wengi wakapasuliwa. Mwaka 2010 Richard Ablin, mtafiti aliyetangaza ugunduzi wa antijeni ya prostati mwaka 1970, aliandika katika gazeti la New York Times akikemea namna kipimo kilivyotumiwa kwa kila mtu. Mwaka 2012 jopo la serikali ya Marekani linaloshauri juu ya kinga likasema wanaume wasipimwe hivyo. Mwaka 2018 jopo hilohilo likarudi nyuma: wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na muganga, na wenye miaka 70 na zaidi wasipimwe ikiwa hawana dalili.

Kilichowasumbua ni hesabu ya faida na hasara. Utafiti mkubwa wa Ulaya, uliohusisha wanaume zaidi ya 160.000, ulionyesha kwamba upimaji unapunguza vifo vya kansa ya prostati kwa karibu mtu mmoja kati ya watano. Ni kitu cha kweli, hakuna wa kukibeza. Lakini baada ya miaka 16, ili kuzuia kifo kimoja, ilibidi wanaume 570 waitwe kupimwa na kansa 18 za ziada zigunduliwe. Kati ya hao 18, wengi wangekufa kwa uzee au ugonjwa mwingine bila kujua walikuwa na kansa. Waliopasuliwa, wapo waliobaki wakivuja mkojo, na wapo ambao nguvu za kiume hazikurudi. Uingereza nayo ilifuatilia kwa miaka 15 wanaume 1.643 waliokuwa na kansa iliyobaki ndani ya prostati. Mwaka 2023 ikatangaza kwamba karibu 97 kati ya 100 hawakuuawa na kansa hiyo, wawe walipasuliwa, walichomwa mionzi au walifuatiliwa tu kwa karibu.

Ndiyo kusema, hata mtu aliyeambiwa "una kansa" baada ya biopsi huenda hana haraka ya kisu. Familia inayouza parseli ndani ya wiki moja ingefaa ipewe hesabu hizi kwanza, kisha iamue.

Hapa kuna wanaosema: basi tuache kupima. Hapana. Hesabu za Ulaya zimetoka kwa wanaume wa Ulaya, karibu wote wazungu. Marekani, mwanaume mweusi anakufa kwa kansa ya prostati karibu mara mbili ya mzungu, na inampata akiwa na umri mdogo zaidi. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanaume. Chama cha kansa cha Marekani kinashauri mazungumzo yaanze kwenye miaka 50 kwa watu wa kawaida, lakini kwenye 45 kwa weusi na kwa yule ambaye baba au ndugu yake wa kuzaliwa aliupata kabla ya miaka 65. Ndugu zaidi ya mmoja wakiupata mapema, yaanze kwenye 40. Hofu ya Wamarekani kwamba wanapima watu wengi mno si hofu ya Masisi au Fizi, ambako mwanaume wa miaka 60 anaweza kumaliza maisha yake bila kupimwa hata presha.

Nchi hii iliusikia ugonjwa huu kupitia mtu mmoja. Mwezi wa nane 1996, Mobutu alipasuliwa kansa ya prostati Lausanne, Uswisi. Miezi michache baadaye, vita vilikuwa vinawaka Kivu na rais alikuwa bado Ulaya. Alirudi Kinshasa mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 7 Septemba 1997 alifia Rabat, akiwa na miaka 66. Tangu hapo, kwa wengi, neno prostati limekuwa jina lingine la kifo. Lakini mwaka huohuo wa 1997, Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aliambiwa ana kansa hiyohiyo, naye aliishi hadi mwisho wa 2021, akafa na miaka 90. Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001 akiwa na miaka 83, na aliendelea kuishi miaka 12. Jina la ugonjwa ni moja, mwendo ni tofauti, na PSA ya siku moja haiwezi kumwambia mtu yuko upande wa nani.

Swali gumu zaidi kwa mwanaume wa mashariki ni hili: nikiambiwa namba ni kubwa, nitaenda wapi? Waganga waliobobea katika njia ya mkojo ni wachache na wako mijini. Biopsi inahitaji labo inayojua kusoma nyama. Mionzi, kwa mtu wa Kivu, mara nyingi maana yake ni kuvuka mpaka, Kanombe jijini Kigali au Mulago huko Kampala. Mtu wa Lubumbashi huangalia Lusaka. Yote hayo ni dola, hati ya safari na mtu wa kumsindikiza. Mwaka 2025, baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua Goma. Kumwambia mtu arudi kila miezi 6 kwa ufuatiliaji, wakati hajui barabara ya Sake itakuwa mikononi mwa nani mwezi ujao, ni ushauri unaohitaji kufikiriwa upya pamoja naye.

Ndiyo sababu mazungumzo kabla ya sindano yana uzito hapa kuliko Brussels. Mzee wa miaka 78 mwenye moyo mbovu, asiyesumbuliwa na mkojo wala mgongo, anaweza kuamua kutopimwa, na muganga mwema atamuunga mkono. Baba wa miaka 50 ambaye kaka yake alikufa kwa kansa hiyo ana sababu zote za kupimwa, na kupimwa tena. Mwenye maumivu ya mgongo yasiyolala usiku, anayekonda, anayeona damu kwenye mkojo, huyo haingii kabisa katika ubishi wa Wamarekani na Wazungu. Huyo ni mgonjwa, na PSA yake inatakiwa leo. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukifunga, ni jambo la saa, maana uti wa mgongo uliobanwa ukichelewa hautengemai.

Hata kwa waliochelewa kuna la kufanya ambalo halihitaji Ulaya. Kansa ya prostati hulishwa na homoni ya kiume, na tangu miaka ya 1940 waganga wanajua kwamba kuikata homoni hiyo kunaituliza, mara nyingine kwa miaka. Zipo sindano za bei kali, na ipo operesheni fupi ya kuondoa makende, ambayo hospitali nyingi za eneo la afya zenye mpasuaji zinaweza kuifanya. Wanaume wengi wanaikataa kwa aibu. Ni haki yao. Ila wengine hawakuikataa: hawakuwahi kuambiwa kwamba ipo, na mafuta ya kanisani ndiyo waliyopewa.

Mwezi wa kumi na moja kampeni za afya ya wanaume zitarudi, na hema, na fulana, na picha za wakubwa. Wanaozipanga wanastahili pongezi kwa kulitaja jambo ambalo wanaume hawalitaji. Lakini kampeni inayotoa damu kwa watu 300 asubuhi na kufungasha hema jioni inawaachia kazi watu ambao hawakuombwa: muuguzi wa kituo cha afya, mchungaji, shemeji wa Kampala. Kama bajeti haitoshi kulipa muganga au muuguzi aliyefundishwa, akae dakika 10 na kila mwanaume kabla ya sindano na dakika 10 baada ya jibu, basi wapimwe 60 badala ya 300. Picha itakuwa na watu wachache, ni kweli.

Labo nazo zina la kufanya, na halina gharama. Chini ya namba ya PSA kuna nafasi nyeupe kwenye karatasi. Iandikwe pale: aina ya kipimo, jina la mashine, na mistari miwili ya Kiswahili inayosema kwamba jibu hili peke yake halithibitishi kansa wala haliiondoi, na kwamba lipelekwe kwa muganga pamoja na orodha ya dawa. Wizara ya afya ya jimbo ingeweza kulidai hilo kwa barua ya ukurasa mmoja.

Na nyumbani, kabla ya kikao cha parseli, mtoto mwenye simu angefanya kazi nzuri zaidi akinunua kaye. Aandike tarehe, namba, jina la labo, dawa anazokunywa baba, kama alikuwa na sonda au homa wiki hiyo. PSA ya mwaka huu ikiwekwa karibu na ya mwaka jana na ya mwaka juzi inaeleza mengi kuliko yoyote kati yao ikiwa peke yake: iliyotulia kwenye 5 kwa miaka mitatu na iliyoruka kutoka 2 hadi 5 ni habari mbili tofauti kabisa. Muganga atakayempokea baba, awe wa Bukavu au wa Kampala, ataomba kaye hiyo kabla ya kuagiza kipimo kingine.